Mifupa Iliyo Chini ya Bonde Letu

Hapa Mkwajuni, wilayani Songwe, karibu kila mtu anajua kusoma mawe. Mtoto wa shule ya msingi ataokota jiwe jeupe la mwamba, aligeuze mara mbili juani, akuambie kama lina dalili au ni la kutupa. Kazi hii ina umri wake. Dhahabu ya Lupa ilijulikana tangu miaka ya 1920, na mgodi wa Saza, jirani zetu, ulikuwa miongoni mwa migodi mikubwa ya Tanganyika kabla haujafungwa katika miaka ya 1950. Mimi nina karasha, mashine ya kusaga mawe. Vijana wanaleta mawe kutoka kwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, tunasaga, tunaosha kwenye mwalo, kila mtu anapata mgao wake, na marudio yanabaki uani yakingoja mnunuzi. Watoto wangu wamesoma kwa vumbi hilo, nami sitalidharau. Lakini nimefika mahali pa kuamini kwamba mali kubwa kuliko zote iliyo chini ya wilaya hii haisagwi, haioshwi, wala haipimwi kwa mizani ya sonara.

Ukitoka hapa ukateremka kuelekea Galula na Ziwa Rukwa, ardhi inabadilika rangi. Unaacha mawe magumu ya milimani unaingia kwenye mchanga mwekundu ulioshikana ukawa mwamba. Wanajiolojia wameliita tabaka hilo kwa jina la Galula, na jina hilo la kijiji cha wilaya yetu linasomwa leo katika vyuo vikuu vya mabara yote. Mchanga huo uliletwa na mito ya kale, kiasi cha miaka milioni 100 iliyopita, zama za dinosaria. Ndani yake kuna mifupa iliyogeuka mawe, ambayo wataalamu huiita visukuku.

Kwa zaidi ya miaka 20 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio, Marekani, wakiongozwa na Patrick O'Connor na Nancy Stevens, wamefanya kazi katika bonde hili pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Walichokitoa kinastahili kutajwa kimoja kimoja, kwa sababu nimekutana na watu wazima waliozaliwa hapahapa ambao hawajawahi kukisikia.

Yupo Shingopana songwensis, dinosaria mla majani aliyefukuliwa mwaka 2002 na kutangazwa rasmi mwaka 2017, akabeba jina la Songwe. Mifupa yake ina matundu ya wadudu walioutafuna mzoga kabla haujafukiwa. Kinachoshangaza ni ukoo wake: ndugu zake wa karibu wamepatikana Amerika ya Kusini, si kwingineko Afrika. Yupo Rukwatitan, aliyetangazwa mwaka 2014, ambaye mwili wake ulifukiwa na mto, ukafukuliwa kiasi na maji, kisha ukafukiwa tena. Yupo Mnyamawamtuka moyowamkia, dinosaria mwingine. Mifupa yake ilionekana mwaka 2004 kwenye ukingo wa korongo la mto Mtuka, na kazi ya kuitoa iliendelea hadi mwaka 2008, watu wakining'inia kwa kamba kwenye genge. Na yupo Pakasuchus kapilimai, mamba mdogo mwenye umbo la paka na meno yaliyotofautiana kama ya mnyama anayenyonyesha. Alitangazwa mwaka 2010, akapewa jina kwa heshima ya marehemu Profesa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mmoja wa viongozi wa utafiti huo.

Kuna jambo moja katika habari za Rukwatitan ambalo huwa nawasimulia vijana wa karasha. Mifupa yake ilikuwa imekwama ndani ya ukuta wa genge, na ili kuitoa wataalamu waliomba msaada wa wachimbaji wa makaa ya mawe. Watu wa tindo na nyundo, wenye mikono inayojua jiwe litapasukia wapi. Elimu ya dunia iliongezeka kwa mikono ya watu kama sisi.

Na kama hayo hayatoshi, mwaka 2013 timu ya Stevens ilitangaza mabaki ya nyani wawili wa kale kutoka tabaka jingine la bonde la Rukwa, wenye umri wa miaka milioni 25. Mmoja yuko upande wa ukoo wa sokwe, mwingine upande wa ukoo wa ngedere na nyani wa leo. Hakuna mahali pengine duniani palipokuwa pametoa ushahidi wa zamani kiasi hicho wa koo hizo mbili kutengana. Ushahidi huo tunao hapa, kwenye bonde tunalolisha ng'ombe na kulima ufuta.

Sasa nauliza swali la mtu wa migodini: ni mali ya nani, na nani anailinda?

Nchi hii ililipia somo hilo kwa bei kubwa. Mwaka 1906 mhandisi wa madini wa Kijerumani, Bernhard Sattler, alikuwa akitafuta madini nyuma ya Lindi, eneo la Tendaguru, akakuta mfupa mkubwa umejitokeza ardhini. Kati ya mwaka 1909 na 1913 msafara wa makumbusho ya Berlin ukachimba hapo kwa mamia ya wafanyakazi. Msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani, fundi ambaye Wajerumani wenyewe walikiri ustadi wake. Wapagazi walibeba mizigo ya mifupa kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandarini Lindi, na zaidi ya tani 200 zikavuka bahari. Mnyama mkubwa kuliko wote aliyetoka hapo amesimamishwa Berlin tangu mwaka 1937, kimo chake kinapita mita 13, na watu wa mataifa yote wanapanga foleni kumtazama. Boheti alisubiri hadi mwaka 2007 ndipo dinosaria mmoja wa Tendaguru akapewa jina lake, na hata huyo anatokana na mifupa iliyokuwa imehifadhiwa Ujerumani. Bungeni kwetu suala la mjusi yule wa Berlin limeulizwa mara nyingi. Kila linapoulizwa nawaza wale wapagazi, ambao kwao ulikuwa mzigo tu wa kufikisha pwani.

Tulipojitawala tulitunga sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavihesabu visukuku vya wanyama na mimea kuwa sehemu ya mambo ya kale: havichimbwi bila kibali, havitolewi nchini bila kibali, na anayevikuta anatakiwa kutoa taarifa. Mwaka 1970 mataifa yakakutana chini ya UNESCO yakapitisha mkataba wa kuzuia biashara haramu ya mali za utamaduni, na visukuku vimetajwa humo. Kwa hiyo mtu akitoa mfupa Galula kwenye gunia la ufuta akauuza ng'ambo, nchi zilizojiunga na mkataba huo zina wajibu wa kusaidiana kuurudisha. Tofauti ya enzi ya Tendaguru na ya leo iko hapo. Mtafiti anayekuja Rukwa sasa anakuja na kibali, anafanya kazi na Mtanzania, na kisukuku kinachopelekwa kuchunguzwa nje kinabaki kuwa mali ya Tanzania.

Mkataba mwingine, ule unaojulikana zaidi, ni wa Urithi wa Dunia, uliopitishwa Paris Novemba 1972. Ulitokana na hofu. Misri ilipojenga bwawa la Aswan, maji yangemeza mahekalu ya Abu Simbel yenye umri wa zaidi ya miaka 3,000. UNESCO ikatoa wito mwaka 1960, nchi takriban 50 zikachanga, na mahekalu yakakatwa vipande, yakapandishwa juu mita 65 na kujengwa upya. Kazi ilikamilika mwaka 1968. Baada ya hapo watu wakaona haifai kungoja maji yafike shingoni kila mara. Yawepo makubaliano ya kudumu. Tanzania ilijiunga mwaka 1977.

Wengi wanadhani UNESCO huja, ikapenda mahali, ikapachukua. Sivyo. Hakuna shirika la nje linaloweza kuingiza hata jabali moja la nchi yetu kwenye orodha hiyo. Ni serikali yenyewe inayoanza: inaweka eneo kwenye orodha ya awali, inaandaa maelezo, ramani na mpango wa ulinzi, kisha inapeleka maombi. Wataalamu wa IUCN hukagua maeneo ya asili na wale wa ICOMOS hukagua ya utamaduni. Halafu kamati ya nchi 21 zinazochaguliwa kwa zamu inakaa na kuamua. Eneo linabaki kuwa la Tanzania, chini ya sheria za Tanzania. Kinachoongezeka ni ahadi: tumeuambia ulimwengu mzima kwamba hapa tutapalinda, na ulimwengu una haki ya kutuuliza tumefikia wapi.

Maeneo yetu yaliyomo ni saba: Ngorongoro, magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, Serengeti, Selous, Kilimanjaro, Mji Mkongwe wa Zanzibar na michoro ya miambani ya Kondoa. Mawili kati yake yananifundisha zaidi kuliko mengine.

Kilwa iliingizwa mwaka 1981. Mwaka 2004 ikahamishiwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa kuta zilikuwa zinaanguka na bahari inakula ukingo wa kisiwa. Wapo walioona ni aibu. Matokeo yake ni kwamba fedha na mafundi vilipatikana, kuta zikatengenezwa, wanakijiji wakafundishwa uashi wa chokaa na wakapanda mikoko kukinga ufukwe. Mwaka 2014 Kilwa ikatolewa hatarini.

Mwaka huohuo Selous ikaingia kwenye orodha hiyo ya hatarini. Hesabu ya ndovu huko miaka ya 1970 ilifika kiasi cha 110,000. Ilipofika mwaka 2013 walikuwa wamebaki kama 13,000, na bunduki za majangili ndizo zilizofanya kazi hiyo. Baadaye likaja bwawa la umeme la Julius Nyerere, megawati 2,115, likijengwa ndani ya eneo lenyewe. Kamati ililalamika, na mwaka 2021 ilijadili hata kuifuta Selous orodhani, ingawa haikuifuta. Mimi ni mwanamke wa viwanda vidogo, ninajua umeme ukikatika karasha linakuwa chuma cha kukalia, kwa hiyo sitasema nchi haikuhitaji umeme. Ninachosema ni kwamba orodha ya dunia haina askari. Serikali ikiamua kujenga, itajenga. Ulinzi unasimama pale ambapo watu wa ndani wanautaka kwa dhati, na kule nje wapo wa kuwaunga mkono.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Ujerumani, kwa hao hao waliobeba mifupa ya Lindi. Karibu na mji wa Darmstadt kuna shimo linaloitwa Messel. Lilikuwa mgodi. Walichimba mwamba wenye mafuta tangu karne ya 19 hadi mwaka 1971, kazi ikakoma, likabaki shimo kubwa, na wakubwa wakapanga kuligeuza dampo la taka. Lakini ndani ya mwamba huo mlikuwa na visukuku vya miaka milioni 47: farasi wadogo wenye kimo cha mbwa, popo ambao mabawa yao yanaonekana, mende ambao rangi ya magamba yao bado inang'aa. Wataalamu wakapinga, wakusanyaji wa kawaida wakapinga, wananchi wa vijiji vya jirani wakaenda mahakamani. Mvutano ukachukua karibu miaka 20. Mwaka 1991 serikali ya jimbo la Hesse ikalinunua shimo lile, na mwaka 1995 likawa eneo la kwanza la asili la Ujerumani kuingia kwenye Urithi wa Dunia. Mgodi uliokwisha, uliokaribia kuzikwa kwa taka, leo unapokea wageni, na watafiti wanaendelea kuupasua mwamba wake kwa visu vyembamba.

Nilipoisoma habari hiyo sikulala mapema. Sisi tuna mashimo mangapi hapa?

Tena hatuhitaji kwenda Ujerumani kuona jinsi jiwe linavyotunzwa. Ndani ya mkoa wetu huuhuu, kijiji cha Ndolezi wilayani Mbozi, kipo Kimondo: donge la chuma na nikeli lenye urefu wa mita tatu na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, lililotoka angani. Wanyiha, ambao walikuwa wahunzi hodari wa kuyeyusha chuma, waliishi nalo kabla mpimaji ardhi mgeni hajalitangaza mwaka 1930. Mwishoni mwake pana alama za msumeno pale walipokata kipande cha kwenda kuchunguzwa. Leo lina uzio, jengo la maelezo na waongozaji, na kila tarehe 30 Juni, Siku ya Kimondo, watu wanatoka mikoani kuja kuliona. Linasimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, na nataka msomaji alizingatie hilo. Mamlaka hiyohiyo inaitunza Jiopaki ya Ngorongoro Lengai, iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2018, ya kwanza Afrika kusini mwa Sahara. Jiopaki ni utaratibu wa UNESCO unaolinda miamba na sura ya nchi pamoja na watu wanaoishi humo, bila kuwahamisha, kilimo na ufugaji vikiendelea. Waliokwisha kuifanya kazi hiyo kaskazini tayari wana ofisi Songwe. Umbali kati ya Kimondo na Galula ni wa gari kutoka asubuhi na kufika mchana.

Masika iliyopita alifika kijana mfugaji na mfuko wa salfeti begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Habari za mifugo?"

"Salama. Nimekuletea jiwe uniangalizie. Wenzangu wanasema lina kitu."

Lilikuwa zito kupita ukubwa wake, la kijivu lenye wekundu, na pale lilipovunjika kulikuwa na vitundu vidogo vingi vilivyopangika. Mwamba wa dhahabu hauna vitundu vya namna hiyo. Niligusa kwa ulimi, likanata. Mfupa wa kale mara nyingi hunata kwa sababu ya vile vitundu. Ni jaribio rahisi ambalo watafiti wenyewe hulifanya. Kijana mmoja wa karasha alikuwa tayari amenyoosha mkono alisage tupime. Nikamzuia.

Tulikaa na yule mfugaji, nikamuuliza alipolitoa: ukingo gani wa korongo, kimo gani kutoka chini, upande upi wa njia ya ng'ombe. Maswali hayo si ya udadisi. Mfupa ukishang'olewa na mahali pake pasijulikane, mtaalamu hawezi tena kujua umri wa tabaka lake wala wanyama waliokuwa nao. Umebaki pambo la mezani. Tukaenda kwa mtendaji wa kijiji, akaandika, akapiga picha, jiwe likahifadhiwa. Kijana aliuliza kama atalipwa. Nilimwambia kweli, kwamba sijui mfuko wa kumlipa, nikampa nauli yangu ya kumrudisha kwake. Uso wake ulionyesha kwamba hakuridhika, na sikumlaumu.

Hapo ndipo penye kazi. Mvua za kila mwaka zinakata kingo za mito na kuanika mifupa ambayo haijaonwa na mtu yeyote. Wachimbaji wanazidi, ng'ombe wanazidi, na kampuni zinatafuta gesi ya heliamu katika bonde la Rukwa tangu ilipotangazwa mwaka 2016 kwamba ipo kwa wingi. Sipingi hata moja ya hayo, maana na mimi ninakula kwa kuchimba. Naomba vitu vinavyowezekana. Maeneo ya tabaka la Galula yachorwe kwenye ramani za leseni, ili anayepewa kitalu ajue mapema kilichopo chini na nani wa kumpigia simu akikikuta. Serikali itangaze angalau makorongo machache kuwa maeneo ya kulindwa kitaifa, kwa kuwa bila hatua hiyo hakuna maombi ya kimataifa yatakayosikilizwa. Vijana wa hapa wafundishwe kuchimba visukuku, kama alivyokuwa Boheti kule Tendaguru, wapate ujira wa fundi badala ya nauli. Na nakala za mifupa ya Shingopana na Mnyamawamtuka, ambazo siku hizi zinatengenezwa kwa mashine, ziwekwe Mkwajuni, wanafunzi wa wilaya hii waziguse.

Katika kikao cha wachimbaji mwezi uliopita nililileta jambo hili kwenye mengineyo. Mzee mmoja aliyechimba Saza tangu ujana wake aliuliza: "Na nikikuta mfupa ndani ya duara langu, watanifungia kazi?" Ni swali la haki, na wenye duara wote wanalo moyoni hata wasipolitamka. Tulikubaliana liandikwe kwenye muhtasari kama lilivyo na lipelekwe halmashauri, pamoja na ombi la kuja kwa mtu wa Mambo ya Kale kutujibu ana kwa ana. Barua imeshapigwa muhuri, na mimi ndiye niliyepewa kuipeleka.